Kushusha wastani hakuokoi sarafu mbovu

Kila soko la sarafu za kidijitali linapozama, simu yangu hujaa swali lilelile: "Boss, imeshuka nusu. Niongeze mara mbili nishushe wastani?" Kisha anayeuliza anataja sarafu ambayo hata mimi ninayeshinda kwenye chati kutwa sijawahi kuisikia.

Tuelewane. Kushusha wastani ni kununua zaidi bei ikianguka, ili bei ya wastani uliyolipa ishuke. Kununua kidogo kidogo ni kutoa kiasi kilekile, tarehe ileile, bei iwe juu au chini. Toa shilingi 1,000 kila mwezi, bei ikiwa 100, kisha 50, kisha 25. Umepata vipande 10, 20 na 40, jumla 70 kwa 3,000. Kila kimoja kimekugharimu kama shilingi 43, ilhali wastani wa bei zenyewe ni 58. Hujabashiri chochote. Anayeongeza dau kila bei ikianguka anakimbiza hasara kama mcheza kamari, na pesa zake huisha kabla bei haijagota chini.

Halafu, wastani wako sarafu haiujui. Mei 2022 sarafu iitwayo LUNA iliporomoka kutoka zaidi ya dola 80 hadi chini ya senti moja, kwa siku chache tu. Waliokuwa "wakishusha wastani" walinunua kitu kinachochapishwa huku wanatazama: kutoka sarafu milioni mia tatu na ushei hadi trilioni 6.5. Wastani wao ulishuka vizuri sana.

Bitcoin nayo? Novemba 2021 ilikaribia dola 69,000, mwaka mmoja baadaye ikawa chini ya 16,000, na Machi 2024 ikavuka kilele kile. Aliyenunua pole pole mwaka mzima wa 2022 alicheka. Lakini maanguko ya 2014, 2018 na 2022 ni mifano mitatu tu, na mimi siwezi kumwapia mtu kwamba anguko lijalo litafuata mkondo huo. Tena ukiwa na donge la pesa mkononi na mali ikawa ya kupanda, kuingia mara moja mara nyingi hushinda. Kidogo kidogo kunamfaa anayelipwa mwisho wa mwezi, na mwenye moyo mwepesi.

Jambo ambalo Nairobi hatulisemi ni shilingi. Januari 2024 dola ilifika kama 160. Miezi michache baadaye ilikuwa karibu 130. Aliyejaza USDT, sarafu inayofuata bei ya dola, kwa M-Pesa akae "akingoja bei ya chini kabisa" alipoteza karibu asilimia 19 kwa shilingi kabla hajagusa bitcoin. Hapo sijahesabu faida ya aliyemuuzia hiyo USDT.

Kodi: hapa Kenya, ile ya asilimia 3 ya mali za kidijitali ilifutwa 2025, sasa kuna ushuru wa asilimia 10 kwenye ada wanazotoza watoa huduma za sarafu hizi.

Na usihamishie pochi yako ya kidijitali, unayoshika funguo mwenyewe, kila ununuzi wa 1,000, ada ya mtandao wa sarafu itakumaliza. Usiache sarafu zako miaka kwenye soko la mtandaoni ulikozinunua pia. Wateja wa FTX, soko la aina hiyo lililofilisika, walifungiwa pesa zao Novemba 2022. Mimi huhamisha ada ikiwa haizidi asilimia 1 ya kiasi chenyewe.