Kumpima mgombea wa Bunge la Minnesota: sifa zake, vipaumbele vyake na mipaka ya kiti

Novemba 2024, Curtis Johnson wa chama cha DFL, ambacho ndicho chama cha Democratic hapa Minnesota, Marekani, alishinda kiti cha eneo la uchaguzi namba 40B katika Baraza la Wawakilishi la jimbo, kaskazini mwa St. Paul kwa tofauti ya takriban pointi 30. Hakuapishwa. Mwezi uliofuata jaji aliamua kwamba hakuwa ameishi katika eneo hilo la uchaguzi kwa miezi 6 kabla ya siku ya kura, kama Katiba ya jimbo inavyodai. Alikuwa amepanga nyumba Roseville, mji ulio ndani ya eneo hilo, ila ushahidi ulionyesha kwamba hakai humo. Akajiondoa. Baraza la Wawakilishi, lililokuwa limegawanyika 67 kwa 67, likabaki na wabunge 67 wa Republican na 66 wa DFL. Hawa wa DFL wakasusia vikao kuanzia Januari 14, 2025, Mahakama ya Juu ya jimbo ikasema akidi ni wabunge 68, na kazi ikalala hadi pande mbili zilipoafikiana mapema Februari. Kiti kilijazwa kwa uchaguzi mdogo wa Machi 11.

Katika semina zetu za elimu ya mpiga kura, suala la sifa za mgombea huulizwa mwisho, watu wakiwa wameshaanza kutafuta makoti yao. Kisa cha 40B kinaonyesha kwa nini lingefaa kuulizwa mwanzo.

Masharti yenyewe ni machache. Mgombea awe raia wa Marekani mwenye haki ya kupiga kura, awe ametimiza miaka 21 anapoingia bungeni, awe amekaa Minnesota mwaka mzima, na katika eneo lake la uchaguzi miezi 6. Basi. Hakuna shahada inayodaiwa. Hakuna sharti la kudhaminiwa na chama, tofauti na Tanzania, ambako Katiba inamtaka mbunge awe mwanachama na mgombea aliyependekezwa na chama cha siasa. Wala uraia wa kuzaliwa haudaiwi: huo ni wa rais na makamu wake tu. Aliyekula kiapo cha uraia baada ya miaka katika kambi ya wakimbizi anaruhusiwa kugombea sawa na aliyezaliwa hapa Minnesota, mjini Duluth.

Na wamegombea, wakashinda. Ilhan Omar, aliyepitia kambi ya wakimbizi ya Utange karibu na Mombasa, aliingia Bunge la Minnesota kwa uchaguzi wa 2016 kabla ya kwenda Washington. Katika mchujo wa Agosti mwaka huo, yaani kura ya kuteua mgombea wa chama, alimwangusha Phyllis Kahn, aliyekaa kwenye kiti hicho zaidi ya miaka 40. Mwaka 2024 Huldah Momanyi Hiltsley, mzaliwa wa Kenya, alichaguliwa kuwakilisha eneo la Brooklyn Park. Nawataja kama mfano wa sheria ilivyo, si kuwapigia debe; taasisi kama yetu haina mgombea.

Kwa kuwa sheria inadai machache, kazi kubwa ya kupima inamwangukia mpiga kura. Hapo ndipo vipaumbele vinapoingia, na hapo ndipo watu wetu wengi, wahamiaji, huchezewa. Nimesikia wagombea wa kiti cha jimbo wakiahidi mbele ya waumini kanisani kwamba watarahisisha kupata kadi ya ukaazi wa kudumu, au kuharakisha kesi za kuunganisha familia. Mbunge wa jimbo hana mamlaka hayo hata chembe. Uhamiaji, viza na hifadhi ya wakimbizi ni mambo ya serikali kuu. Kwa upande mwingine, theluji isiyozolewa mtaani ni ya jiji, na njia ya basi la shule ni ya bodi ya shule. Anayeahidi hayo ama hajui kiti anachokiomba, ama anajua na anakuhesabu wewe ndiye hujui. Sijui lipi ni baya zaidi.

Kilicho mikononi mwa Bunge la jimbo ni kizito kuliko wengi wanavyodhani. Bajeti yake ni ya miaka miwili miwili na inazidi dola bilioni 60. Humo mna fedha za shule, barabara, vyuo na bima ya afya ya watu wa kipato cha chini. Sheria ya leseni ya udereva bila kujali hadhi ya uhamiaji, iliyoanza kutumika Oktoba 1, 2023, ilitoka hapo. Likizo ya ugonjwa yenye malipo, saa moja kwa kila saa 30 za kazi hadi saa 48 kwa mwaka, iliyoanza Januari 2024, ilitoka hapo pia.

Tuchukue kazi wanayoifanya Wakenya na Wakongo wengi hapa: kuhudumia wazee na walemavu, ama majumbani mwao ama katika nyumba za malezi. Mishahara ya kazi hii haitokani na utashi wa mwajiri peke yake. Sehemu kubwa ya huduma hulipiwa na bima ya umma, na viwango vya malipo hayo huwekwa na sheria ya jimbo. Kiwango kikiwa cha chini, mwenye kituo hana pa kutoa nyongeza, hata akitaka. Mwaka 2023 Bunge liliunda bodi ya kuweka viwango vya kazi katika vituo vya kulea wazee, ikiwemo mishahara ya chini. Kwa hiyo mgombea akikuambia kipaumbele chake ni “heshima kwa wahudumu,” mwulize viwango vya malipo ya huduma za nyumbani atavipandisha kwa fedha ipi, na anaomba kukaa kwenye kamati gani. Kamati ya huduma za binadamu ndiyo inayoshika faili hilo. Asiyejua hata jina la kamati hajaanza kazi.

Swali la fedha ni lazima, kwa sababu sheria ya jimbo hairuhusu bajeti yenye nakisi. Kila nyongeza ina mahali inapokatwa au kodi inayopanda. Mgombea mwenye vipaumbele kumi na vitano hana kipaumbele.

Kuna na hesabu ya viti. Mwaka 2023 DFL walikuwa na maseneta 34 dhidi ya 33 wa Republican, pamoja na wingi katika Baraza na gavana wa chama chao. Wakapitisha mambo mengi, likiwemo la kuwaruhusu wasio na hati za uhamiaji kujiunga na MinnesotaCare, bima ya afya ya jimbo kwa watu wa kipato kidogo, kuanzia Januari 2025. Kisha uchaguzi wa 2024 ukaligawa Baraza sawa, na katika makubaliano ya bajeti ya Juni 2025 bima hiyo ikaondolewa kwa watu wazima mwisho wa mwaka, watoto wakabaki. Wapo waliokuwa wameahidi kuitetea, wakaishia kutafuta kura moja isiyokuwepo. Ndiyo maana kwenye mijadala huwa nashauri watu wamwulize mgombea: chama chako kisipokuwa na wingi, ni kipi kati ya haya utakitoa kafara, na ni mbunge gani wa upande wa pili unayeweza kufanya naye kazi? Majibu ya swali hilo huwa mafupi sana, au marefu sana.

Kuhusu historia ya mgombea, cheti kina thamani yake, lakini tazama zaidi alichowahi kukisimamia: bodi ya shule, chama cha wafanyakazi, kikundi cha kina mama chenye hesabu zilizokaguliwa, biashara yenye wafanyakazi. Ubunge wa jimbo hapa huhesabiwa kama kazi ya muda. Mshahara ni dola 51,750 kwa mwaka, na Katiba inaweka ukomo wa siku 120 za vikao kwa kila miaka miwili, hivyo wabunge wengi wana kazi nyingine. Mwulize anafanya kazi gani, na muswada ukigusa tasnia yake atafanyaje. Aliyekwisha kuwa bungeni hana pa kujificha: kura zake zimo katika tovuti ya Bunge, na michango aliyopokea imo katika kumbukumbu za bodi ya jimbo ya fedha za kampeni. Vyote ni bure kusoma.

Viti vyote 201, maseneta 67 na wawakilishi 134, vitapigiwa kura Novemba 3, 2026, na mchujo ni Agosti 11. Katika maeneo yenye wafuasi wengi wa chama kimoja, mchujo ndio uchaguzi wenyewe; anayengoja Novemba anakuta mambo yameshaamuliwa. Raia ambaye hajajiandikisha anaweza kujiandikisha kituoni siku hiyohiyo ya kura, utaratibu uliopo Minnesota tangu miaka ya 1970.

Asiye raia asijiandikishe kamwe, hata akihimizwa na mtu wa kampeni mwenye nia njema. Kosa hilo linaweza kumharibia kesi yake ya uhamiaji. Lakini mbunge huwakilisha wakazi wote wa eneo lake, wawe na kura au la. Asiye raia anaweza kumpigia simu, kumwandikia, na kutoa ushuhuda mbele ya kamati.