Mto Njoro Hauokolewi Kingoni Peke Yake

Wengi hudhani kulinda mto ni kuzoa taka na kupanda miti kandokando yake, na kwamba chuo kikuu huja kufundisha wanakijiji wasiojua. Mto Njoro, Kenya, unaonyesha vingine.

Unaanzia msitu wa Mau Mashariki, unapita jirani na Chuo Kikuu cha Egerton, unaishia Ziwa Nakuru, ziwa lisilo na mto wa kutoka. Kwa hiyo kinachomwagwa juu hubaki ziwani. Mwaka 2001 serikali ilipomega zaidi ya hekta 35,000 za msitu wa Mau Mashariki, madhara yalionekana mbali na msitu: ardhi iliyoondolewa miti haifyonzi mvua vizuri, basi mafuriko huja kwa haraka na kiangazi mto hukauka mapema. Hata ungezipamba kingo vipi, hilo usingelizuia!

Watafiti wa Egerton na wenzao wa Marekani walipochunguza bonde hili miaka ya 2000, walihitaji wenyeji kwa jambo ambalo kipimo hakisemi: punda na ng'ombe hunywea wapi, nani huteka maji ya nyumbani palepale, chemchemi ipi ilikauka na lini. Sheria ya Maji ya 2002 nayo iliwapa watumiaji wa maji nafasi ya kuunda jumuiya zao.

Na miti? Si yoyote. Mkaratusi hunywa maji mengi. Kandokando ya chemchemi, mimi ningeuondoa kwanza.