Umeme ukirudi, nginx haipo: dhana potofu kuhusu huduma za FreeBSD

Umeme umekatika usiku, umerudi alfajiri. Asubuhi seva inawaka taa, ukiipiga ping inajibu, ila tovuti haifunguki: nginx, programu inayotoa kurasa za tovuti, haipo kazini. Aliyeiweka anaapa: "Nginx niliiwasha kwa mkono wangu!" Na kweli aliiwasha.

Dhana: Huduma ukishaiwasha, itajiwasha kila mashine inapoanza.

Kwenye FreeBSD, mfumo endeshi wa ukoo wa Unix, kuiwasha huduma (programu inayofanya kazi chinichini) sasa ni jambo moja, kuipa ruhusa ya kuwaka kila mara ni jambo jingine. Yule bwana alitumia `service nginx onestart`, yaani iwashe mara hii tu. Pengine alianza na `service nginx start` ya kawaida, akakataliwa kwa kuwa ruhusa haikuwepo, akaona ujumbe unataja onestart, akaishika hiyo. Ruhusa yenyewe ni mstari mmoja, `nginx_enable="YES"`, ndani ya /etc/rc.conf, faili inayosomwa mashine inapoanza. Ukiogopa kukosea kuandika, `sysrc nginx_enable=YES` itakuandikia.

Kinyume chake nacho huwapata watu: kuandika YES hakuwashi chochote hapo hapo. Bado unatakiwa kuagiza start, au kusubiri mashine ianze upya.

Dhana: REQUIRE: postgresql kwenye skripti yangu (faili ya amri inayowasha huduma) itaiamsha PostgreSQL, programu ya hifadhidata.

Haiamshi mtu. Mashine inapoanza, programu iitwayo rcorder husoma mistari ya PROVIDE, REQUIRE na BEFORE iliyo mwanzoni mwa kila skripti, kisha hupanga foleni, basi. REQUIRE maana yake "niwekeni nyuma ya fulani". Kama PostgreSQL haina YES yake, zamu yake itafika na kupita kimya, na programu yako iliyo nyuma yake itaanza kutafuta hifadhidata ambayo haipo.

Mpango huu ulianzia NetBSD, ndugu wa FreeBSD, toleo la 1.5 la mwaka 2000, FreeBSD ikauchukua katika toleo la 5.0 mwaka 2003. Kwa hiyo waliozoea Linux ya zamani, ile ya S20 na K80 mwanzoni mwa majina ya faili, waache kubadili majina ili kupanga zamu. Ukitaka kuiona foleni, andika `service -r`. Ukitaka zilizo na ruhusa tu, `service -e`.

Dhana: Skripti ikikubali nikiiendesha mwenyewe, na mashine ikianza itakubali.

Hii ndiyo inayokula usiku wa watu. Wewe ukiwa kwenye terminali una mazingira yako: PATH ndefu (orodha ya saraka ambamo programu hutafutwa), HOME yako (saraka yako ya nyumbani), na vikorokoro ulivyovijaza miaka yote. Mashine inapoanza hakuna hata kimoja. HOME ni `/`, na PATH ina saraka nne tu: /sbin, /bin, /usr/sbin na /usr/bin. Sasa programu unazosakinisha mwenyewe kwenye FreeBSD zinakaa wapi? /usr/local/bin. Ndiyo maana faili inayoanza na `#!/usr/bin/env python3` inakwenda vizuri mbele yako, kisha mashine ikianza inalalamika kwamba python3 haipo. Andika njia kamili, /usr/local/bin/python3, na ujaribu kwa amri ya `service`, kwa sababu nayo hufuta mazingira yako kabla ya kuita skripti. Kuita skripti moja kwa moja hakukuonyeshi tatizo hili.

Dhana: Huduma ikianguka, mfumo utaiinua.

Skripti za rc.d, saraka zinamokaa skripti hizi za huduma, huwasha na kuondoka. Hakuna anayebaki kulinda. Ukitaka mlinzi, endesha programu yako chini ya `daemon -r`, itaiwasha tena baada ya sekunde moja. (Na wanaoringa na systemd, msimamizi wa huduma wa Linux, wakumbuke: huko nako mpangilio wa Restart ni "no" mpaka useme vingine.)

Dhana: rc.conf ni orodha ya mipangilio tu.

Ni skripti ya sheli, programu inayosoma na kutekeleza amri, siyo ile ya mafuta, na inasomwa kama skripti. Ukiweka nafasi kando ya `=`, sheli itadhani `nginx_enable` ni amri, itasema haipatikani, na mashine itaendelea kuanza bila nginx. Hilo ni kosa dogo. Kosa kubwa ni kusahau alama ya kufunga nukuu. Mimi niliisahau mara moja, mashine ikiwa mji mwingine, nikaiwasha upya kwa kujiamini kabisa. Haikurudi. Aliyekuwa karibu nayo alinisomea kwa simu kilichokuwa kwenye skrini: `Enter full pathname of shell or RETURN for /bin/sh:`. Nikamwambia abonyeze Enter, aandike `mount -u /` ili diski ikubali kuandikwa, kisha nikamwelekeza herufi kwa herufi ndani ya vi, programu ya kuhariri faili, yeye akiwa hajawahi kuigusa vi maishani. Siku hizi, kabla ya kuwasha upya chochote, naandika kwanza `sh -n /etc/rc.conf`. Ikinyamaza, nukuu zimefungwa.