Amalgamu si zebaki, na risasi ndiyo haimo kabisa

Juzi kwenye matatu ya Kisumu kwenda Busia, mama mmoja alikuwa akimweleza mwenzake kwamba shemeji yake "ana zebaki mdomoni" na anatafuta daktari wa kuitoa yote. Mwenzake akamrekebisha: "Hiyo ni risasi, ile metali." Nikauma ulimi hadi Maseno, kisha nikashindwa.

Amalgamu ni zebaki, ile metali ya majimaji, iliyochanganywa na metali nyingine. Ile ya kuzibia meno ina zebaki karibu nusu ya uzito wake. Iliyobaki ni unga wa fedha, bati na shaba. Basi.

Utamu uko kwenye neno lenyewe. Wanaalkemia wa Ulaya, wale wa kale waliotaka kugeuza metali kuwa dhahabu, waliliandika kwa Kilatini, na wengi hulifuata nyuma hadi malagma ya Kigiriki, dawa laini ya kubandika kidondani, pengine kwa kupitia Kiarabu. Kitu kigumu vile kupewa jina la ulaini! Ila ukimwona daktari akikandamiza lile tonge la rangi ya fedha jinoni, utaelewa: linaingia likiwa laini, kesho yake unatafunia njugu. Zebaki nayo tuliipata kwa Waarabu, nao wakaitoa kwa Waajemi, ambako shina lake ni "hai". Mwaga tone mezani uone linavyokimbia. Ndani ya amalgamu kiumbe hicho kimefungwa kamba.

Ugali ni unga na maji, lakini hakuna aliyekaribishwa ugali akarudi nyumbani kusema amekunywa maji. Mvuke kidogo wa zebaki hutoka, sikatai, hasa mtu akitafuna. Ndiyo maana mwaka 2020 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilishauri wajawazito, wanaonyonyesha, watoto hasa wa chini ya miaka 6, na wenye figo dhaifu wazibwe kwa kitu kingine. Mamlaka hiyohiyo ikasema amalgamu iliyo nzima isitolewe bila sababu ya kitabibu, kwa kuwa kuichimba kunaongeza mvuke kwa muda.

Wachimbaji dhahabu wa Migori wanaijua amalgamu kuliko sisi, hata wasipoiita hivyo. Zebaki inakamata chembe za dhahabu, donge linachomwa, zebaki inapaa, dhahabu inabaki. Moto ndio unaoifungua kamba. Kwa hiyo kliniki ikitia mabaki ya amalgamu kwenye taka za kuchomwa, imefanya kazi ya Migori bila kupata dhahabu. Yakipita kwenye sinki, yanafuata maji, na kwenye matope ya chini bakteria huweza kuigeuza zebaki kuwa methili-zebaki, sumu inayojikusanya ndani ya samaki. Waliougua Minamata, mji wa Japani uliotoa jina la mkataba wa zebaki wa 2013, walikula samaki wa ghuba iliyomwagiwa taka za kiwanda. Hawakuugua kwa kuzibwa meno. Chujio kwenye bomba la kiti cha daktari na chupa yenye kifuniko cha kubana huzuia mengi.

"Kwa hiyo shemeji ana amalgamu, mama," nilimwambia tulipokaribia Luanda. "Kama haijavunjika, aiache. Siku itakapobidi itolewe, aulize vipande vinawekwa wapi."

"Na risasi?" akauliza yule mwenzake.

"Hiyo ilikuwa kwenye betri ya gari, dada."