Msikae nyumbani mkihesabu miezi sita

Wiki iliyopita ndugu walimleta mgonjwa macho yamekuwa ya njano, tumbo limejaa maji, na MELD, alama inayopanda kadiri ini linavyozidi kushindwa, ni 34. Nikauliza mbona wamechelewa hivyo. "Daktari, tulikuwa tunangoja atimize miezi sita tangu aache pombe, ndipo apandikizwe ini. Ilibaki miwili."

Jibu hili nimelisikia mara nyingi mno. Kwa MELD ya 34, mgonjwa anaweza kufa kabla ya hiyo miwili kwisha. Rufaa haina miezi sita! Mleteni mara ini linapoanza kushindwa, na cha kungoja tutakijua sisi.

Sharti lenyewe lina historia. Mwaka 1988 daktari mpasuaji Starzl na wenzake walionyesha kwamba wenye sirosisi (makovu ya ini) ya pombe huishi vizuri baada ya kupandikizwa ini, kama wagonjwa wengine. Wasiwasi haukuisha, na mwaka 1997 wataalamu nchini Marekani wakapendekeza miezi sita bila pombe kabla ya kuingia kwenye orodha ya wanaongoja ini. Sababu mojawapo naitetea mpaka leo: ini hujirudi. Wapo wanaoacha pombe, maji tumboni yakakauka, bilirubini, ile inayofanya macho kuwa ya njano, ikashuka, wakawa hawahitaji tena upasuaji. Kumpandikiza mtu wa namna hiyo ni kumfunga kwenye dawa za kushusha kinga maisha yake yote bila sababu, na ini lile lingemwokoa mwingine. Ila nafuu hiyo mara nyingi huanza kuonekana ndani ya miezi mitatu. Kama haijaonekana na hali inazidi kudidimia, kalenda haitamponya.

Sababu ya pili ndiyo inayonikera: eti miezi sita inathibitisha kwamba mtu amebadilika. Inathibitisha nini? Mmoja hakunywa siku 180 kwa kuwa alikuwa hoi kitandani. Mwingine ana wiki tatu tu, lakini anakiri uraibu wake, anaonana na mshauri, na nyumbani pombe imeondolewa. Mimi namwamini huyu wa pili, na siku hazimsemei.

Mwaka 2011 daktari Mathurin na wenzake, huko Ufaransa na Ubelgiji, waliwapandikiza bila kungoja wagonjwa 26 wenye homa kali ya ini ya pombe iliyogoma kusikia dawa. Baada ya miezi sita asilimia 77 walikuwa hai. Kwa wenzao wasiopandikizwa, asilimia 23. Watatu kati ya wale 26 walirudia pombe baadaye. Wanaonukuu takwimu hizi huusahau mchujo: iwe mara ya kwanza ini kushindwa, pawe na ndugu wa karibu wa kumshika mkono, na timu nzima ikubaliane, wauguzi wakiwemo.

Hapo kwenye ndugu ndipo ninapokosa usingizi. Kipimo cha damu cha PEth hunionyesha unywaji wa wiki kadhaa zilizopita. Cha kunionyesha mwakani sina. Kwa hiyo nauliza nani atamtunza, na pombe mara nyingi imeshamfukuzia wote. Nimewahi kupinga jina la mtu kwa sababu alikuwa peke yake, na sijui kama nilipima hatari au nilimwadhibu kwa upweke wake.

Mgonjwa wa wiki iliyopita tulianza kumfanyia tathmini siku ileile. Dada yake amehamia kwake. Kesho timu inakaa, na nitaomba aingizwe kwenye orodha.