"Mfumo umenitoa": tafuta kwanza ni saa ipi iliyoisha

"Kaka, mfumo umenitoa tena, na mwanachama bado amekaa mbele yangu." Simu hiyo ilitoka kwa karani wa mikopo wa SACCOS moja ninayoitunzia mfumo. Alikuwa ameshajaza fomu nzima ya mkopo: wadhamini watatu, dhamana, makato ya mshahara. Alipobofya Hifadhi akaletewa ukurasa wa kuomba nywila, na kila alichoandika kikapotea. Meneja akachukua simu: "Weka masaa manane, tumalize."

Sikuweka. Mfumo ule unaendeshwa na Tomcat, seva ya programu za Java; mbele yake kuna Nginx, inayopokea maombi ya watumiaji na kuyapitisha, nyuma yake kuna MySQL, yaani kanzidata, na kila mmoja ana saa yake, yaani ukomo wake wa kusubiri. Kwa mtumiaji yote ni "umenitoa" tu, kwa hiyo huwa naanza kwa kumuuliza ameona nini hasa kwenye skrini. Akiona ukurasa wa kuingia, kikao kimekwisha, yaani seva imeacha kumtambua kama mtu aliyekwisha kuingia. Akiona kosa namba 504, Nginx imechoka kusubiri jibu. Akiona 502, mara nyingi muunganisho umekatika katikati ya safari. Ukiongeza muda wa kikao kutibu 504, hutakuwa umetibu chochote.

Yule karani aliona ukurasa wa kuingia. Tomcat huja na dakika 30 za kikao, na hapa ndipo watu wengi wanapojikwaa: dakika hizo hazihesabiwi tangu mtu alipogusa kibodi, zinahesabiwa tangu seva ilipopokea ombi lake la mwisho. Karani anaweza kuandika dakika 40 mfululizo bila kuinua vidole, na kwa upande wa seva huyo ni mtu aliyekwenda zake zamani.

Masaa manane yangeficha tatizo hilo na kufungua mlango mbaya zaidi. Kompyuta za kaunta hutumiwa na zaidi ya mtu mmoja. Karani akitoka kwenda kula, atakayekaa kwenye kiti chake anaweza kupitisha mkopo kwa jina lake, na siku ya ukaguzi atakayejibu ni yeye. PCI DSS, kanuni za wanaoshughulika na kadi za benki, zinataka mtu aombwe nywila upya akikaa dakika 15 bila kufanya kazi. Mimi naona kipimo hicho kinafaa hata pasipo na kadi, maadamu pana fedha za watu.

Kwa hiyo tulishusha hadi 15, na papo hapo tukaifanya fomu ijihifadhi yenyewe kama rasimu kila baada ya dakika mbili, ikiwa tu kuna kilichobadilika. Rasimu hiyo ni ombi kwa seva, hivyo anayeandika kweli hubaki ndani. Aliyeondoka hutolewa, na akirudi anakuta fomu yake ilipoishia.

Kuna upande wa pili wa jambo hili. Mfumo ulikuwa na kengele ya arifa inayouliza seva kila sekunde 30 kama kuna ujumbe mpya. Ukurasa wenye kengele hiyo ukiachwa wazi, kikao hakifi kamwe, hata ofisi ikifungwa. Tomcat haitofautishi ombi la kengele na la binadamu, ikabidi tuandike wenyewe wakati wa tendo la mwisho la mtu, na tuweke ukomo wa masaa 12 tangu kuingia, liwe liwalo.

Angalieni vipimo pia. Ndani ya web.xml, faili la mipangilio ya programu, session-timeout (muda wa kikao) ni dakika. Ukitumia setMaxInactiveInterval kwenye msimbo, ni sekunde. HikariCP, inayotunza akiba ya miunganisho ya kanzidata, inahesabu milisekunde. Nimewahi kukuta 1800 ndani ya web.xml. Aliyeiandika alikusudia nusu saa, akapata masaa 30. Na sifuri pale maana yake kikao hakiishi.

Sasa 504. Ripoti ya mwisho wa mwezi ilichukua kama sekunde 90, na Nginx kwa kawaida husubiri 60. Mhasibu anaona kosa, anabofya tena, na tena. Nginx imekata tamaa, lakini MySQL haijaambiwa: inaendelea kukokotoa ripoti ya kwanza, ya pili, ya tatu. Akiba ya HikariCP ina miunganisho 10 usipoibadilisha. Ikiisha, kila mtu mwingine anasubiri sekunde 30 kisha anapata kosa, hata anayetaka kuangalia salio tu. Tiba yetu ilikuwa kuipeleka ripoti ifanyike nyuma ya pazia na mhasibu aarifiwe ikiwa tayari, na maswali mengine ya kanzidata yakatwe kwenye sekunde 45, kabla Nginx haijachoka. Katika kusubiri jibu, wa ndani akate tamaa kwanza.

Kwa miunganisho iliyokaa bila kazi mambo hugeuka: aliyefungua ndiye afunge kwanza. HikariCP hukaa na muunganisho hadi dakika 30, na MySQL huuvumilia masaa 8 bila kazi, kwa hiyo wanaelewana. Mwenzetu wa kanzidata aliposhusha wait_timeout, yaani huo uvumilivu wa MySQL, hadi sekunde 300 bila kutuambia, asubuhi zote zikaanza na logi iliyojaa maonyo ya miunganisho iliyokufa. Tukashusha maxLifetime, umri wa muunganisho ndani ya HikariCP, hadi dakika 4, yakakoma.

502 zilikuwa chache, moja mbili kwa siku, na ndizo zilizonisumbua zaidi. Nginx ilikuwa ikitunza muunganisho wake na Tomcat kwa sekunde 60, wakati Tomcat, kwa connectionTimeout ya milisekunde 20000 iliyokuja nayo kwenye server.xml, faili la mipangilio yake, iliufunga baada ya sekunde 20. Mara chache ombi lilitumwa sekunde ileile mlango unafungwa. Likiwa ni la POST, yaani la kutuma taarifa kama fomu, Nginx hairudii kulituma, maana huenda malipo yangeingia mara mbili. Nilimpa Tomcat keepAliveTimeout, muda wa kuuacha wazi muunganisho usio na kazi, ya 75000. Hiyo ni sekunde 75, kumi na tano zaidi ya Nginx, na tangu siku hiyo sijaiona 502 kwenye logi za mfumo ule.