Risasi kuingia kwenye silinda si ruhusa ya kuipiga

Wiki hii nimeambiwa tena: "Fundi, imeingia vizuri kabisa, basi ni yake." Mwenyewe ni mzee wa Upanga, bastola aliachiwa na marehemu baba yake, kibali anacho. Smith & Wesson ya enzi za Vita Kuu ya Pili, pamoja na boksi la risasi za .38 Special lenye alama ya +P, yaani za presha kubwa kuliko kawaida. Nikamjibu: mzee wangu, huko kuingia ndiko kunakonitisha.

Bastola za aina ile walizopewa Waingereza zilichongwa kwa risasi fupi ya .38 S&W. .38 Special ni ndefu, haizami yote kwenye silinda isiyoguswa. Ikizama, ujue baada ya vita kuna mtu aliyachoronga matundu ya silinda yawe marefu. Na ganda la .38 S&W ni nene zaidi, inchi 0.386 kwa 0.379, kwa hiyo nyuma ya tundu panabaki papana. Ukipiga, ganda la .38 Special linatuna, pengine linapasuka. Hapo +P hatujaigusa bado.

Halafu hili la watu kuiita +P "risasi ya kasi" tu. Silinda haijui kasi, inajua presha! Kikomo cha Marekani kwa .38 Special ya kawaida ni pauni 17,000 kwa inchi ya mraba. +P ni 20,000. Mtu anapiga boksi moja, bastola haipasuki, anakuja kunibishia. Nani alisema lazima ipasuke? Inalegea. Silinda inaanza kucheza mbele na nyuma, pengo lake na mtutu linapanuka, mwisho tundu halikai sawa na mtutu na vipande vya risasi vinaruka pembeni, usoni kwa aliyesimama jirani. Haya huja taratibu, ndiyo maana hawayaoni.

Kiwanda kinakataza +P kwenye bastola hizi za fremu (kiunzi) ya wastani zilizotengenezwa kabla ya 1958, zile zisizo na namba ya modeli ndani ya fremu. Nami nakataza. Lakini nikiri kwamba mstari huo unanisumbua: namba ilianza kugongwa 1957, na kugonga namba hakubadilishi chuma. Bastola nzima ya 1955 huenda ingevumilia. Naushika hivyo hivyo, kwa sababu geji zangu hupima ulegevu, hazipimi uchovu wa chuma, na hewa ya chumvi ya Dar huficha kutu chini ya mbao za kishikio.

Hata shabaha hupati. Saiti (vilengeo) za bastola nyingi za polisi za .38 Special hazirekebishiki. Ziliwekwa kwa kichwa cha risasi cha greni 158 (gramu 10 hivi). Kichwa chepesi chenye kasi hutoka kabla mtutu haujainuka vya kutosha, kinapiga chini. Unaichosha bastola ya baba yako, na shabaha bado unaikosa.